Stroberi na nanaa katika vyungu vya kupandanisha: hesabu ianzie chungu cha chini

Mwekezaji mdogo anayetafutiwa soko la vyungu vya plastiki vya kupandanisha huonyeshwa kwanza hesabu ya nafasi. Chungu kina pembe nne, kila pembe mche mmoja; vyungu 5 juu ya nguzo moja ni miche 20. Anayemwuzia husahau kumweleza kwamba minara hiyo haiwezi kubanana. Ikipewa mita moja kila upande ili mwanga na mchumaji wapite, basi mita moja ya mraba inabeba miche 20. Ardhini, stroberi zikiachiana sentimita 30, eneo hilo hilo linachukua miche 11. Faida ya nafasi ipo, lakini haifiki hata mara mbili.

Tena miche hiyo 20 haizai sawa. Karibu na ikweta jua la mchana husimama utosini, na chungu cha juu huwafunika walio chini yake. Mwanga wa pembeni hupatikana asubuhi na jioni, zaidi kwa upande wa mashariki na magharibi. Ndiyo maana mnara hugeuzwa robo mzunguko kila baada ya siku chache, kazi ambayo kibarua huiacha kwanza akizidiwa. Maji nayo huingia juu na kushuka: chungu cha juu hukauka upesi, cha chini hupokea maji ya ziada pamoja na chumvi za mbolea. Stroberi haivumilii mizizi iliyolowa muda wote, na kitovu chake kikifukiwa kwenye udongo huoza.

Kwa mfano wa hesabu, mnara na mchanganyiko wake wa samadi iliyoiva na makumbi ya nazi ugharimu Sh. 60,000, na miche 20 kwa Sh. 1,500 kila mmoja iwe Sh. 30,000. Jumla ya mtaji ni Sh. 90,000. Kila mche ukitoa robo kilo kwa mwaka, na kilo ikiuzwa Sh. 10,000, mapato ni Sh. 50,000. Hiyo ndiyo hesabu ya muuzaji wa vyungu. Sasa miche 8 ya vyungu viwili vya chini itoe nusu tu ya wenzake: kilo 5 zinakuwa 4. Moja ya tano iharibike kabla ya kuuzwa: zinabaki kilo 3.2, yaani Sh. 32,000. Mtaji utarudi baada ya karibu miaka 3, kabla ya kutoa maji, mbolea na ujira. Na stroberi kwa kawaida hubadilishwa baada ya miaka 2 au 3. Mnara unazeeka kabla haujalipa deni lake.

Tiba si kuongeza minara, bali kubadili mimea ya chini. Nanaa hupenda unyevu na huvumilia kivuli, na hupandwa kwa vipande vya shina vinavyopatikana karibu bure. Pembe 8 za chini zikipewa nanaa, mtaji hushuka hadi Sh. 78,000. Kila pembe ikitoa fungu moja la Sh. 500 kwa mwezi, kwa miezi 10, hayo ni Sh. 40,000. Stroberi 12 za juu, baada ya uharibifu ule ule, huleta Sh. 24,000. Jumla ni Sh. 64,000, na mtaji hurudi katika mwaka mmoja na miezi mitatu hivi. Bei hizi ni za mfano. Kila mfanyabiashara aweke za soko lake. Anayetaka rozmari aipe chungu cha juu kabisa kwa kuwa haipendi kulowa, na mrehani upande wenye jua. Nanaa isichanganywe na kingine katika chungu kimoja, maana hutambaa ikameza jirani.

Linabaki suala la mnunuzi, na hapa wengi huumia. Huko Florida, Marekani, yako mashamba ya minara ya namna hii ambamo mteja huja na gari lake, akachuma stroberi mwenyewe akiwa amesimama wima na kulipa hapo hapo. Shamba halina gharama ya usafiri wala tunda lililopondeka njiani. Aliyeiga vyungu bila kuiga mteja amechukua nusu ya biashara. Stroberi iliyochumwa mbichi haiivi tena kapuni. Ikichumwa nyekundu, katika joto la Dar es Salaam bila jokofu haifiki mbali zaidi ya siku moja au mbili. Kutoka Lushoto hadi Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 300.

Isitoshe, stroberi hupenda ubaridi wa nyuzi 15 hadi 25, na joto likipita 30 maua hupungua. Kwa hiyo Lushoto, Arusha au Limuru mnara uwe wa stroberi juu na nanaa chini. Pwani uwe wa majani matupu: nanaa na mrehani kwa wauza chai, wapishi wa biriani na hoteli. Minara 10 yenye nanaa chini hutoa mafungu 80 kila mwezi, na mnunuzi wa mafungu hayo aulizwe kabla chungu cha kwanza hakijalipiwa.