Karakana ya Fundi Mstaafu: Jamvi Nene au Eneo Kubwa?

Karakana ya mita 12 kwa 9 nyuma ya nyumba ya kuishi ni jengo la mita za mraba 108, na katika viwanja vingi vya makazi jengo la namna hiyo hukaribia ukubwa wa nyumba yenyewe. Ndiyo anayotaka kuijenga msomaji wa Kibaha, fundi magari aliyestaafu, ambaye barua yake inajibiwa leo. Mafao ameshapokea. Mkewe anataka fedha hizo zijenge vyumba viwili vya kupangisha. Yeye anataka gereji ya kuingiza magari matatu, yenye meza ya kazi, mashine ya kuchomelea na kompresa. Fundi ujenzi aliyeitwa kuangalia eneo ameshauri kuta zitangulie ili kazi ianze kuonekana, na jamvi limwagwe la inchi 4 ili saruji itoshe eneo lote. Fedha zikipungua, mstaafu anafikiria kukopa kwa dhamana ya hati ya nyumba. Maswali yake ni mawili: aanzie wapi, na amjibu nini mkewe. La kwanza ndilo la kushughulikiwa mwanzo, kwa sababu jibu lake linabeba sehemu kubwa ya jibu la pili.

Ujenzi wa aina hii huanzia kwenye makaratasi. Kibali cha ujenzi hutolewa na halmashauri baada ya michoro kukaguliwa, na hati ya kiwanja huonyesha matumizi yaliyoruhusiwa. Kiwanja kilichoandikwa makazi hakigeuki cha biashara kwa sababu tu mwenyewe ni fundi. Chini ya Sheria ya Mipango Miji ya mwaka 2007, kubadili matumizi ya ardhi kunahitaji idhini ya mamlaka ya upangaji. Anayetengeneza gari lake mwenyewe na anayepokea magari ya wateja kila siku hawako katika hali moja, na ni vyema ofisa mipango miji aulizwe kabla shimo la kwanza halijachimbwa. Mtu asiyeuliza hupata jibu lake siku jirani anapolalamika.

Kisha kuna jambo ambalo michoro mingi hulisahau, nalo ni shimo la maji taka. Katika nyumba nyingi za Pwani na Dar es Salaam, shimo la maji taka liko nyuma ya nyumba, mahali hasa panapotamaniwa na mwenye ndoto ya karakana. Haifai kumwaga jamvi juu yake. Likijaa, gari la kunyonya maji taka lazima lipate njia ya kulifikia, na udongo unaolizunguka haushikilii vizuri mzigo wa magari. Karakana isogezwe, au shimo lihamishwe kwanza. Gharama ya kulihamisha iingizwe kwenye hesabu tangu mwanzo.

Kuhusu mwelekeo, Kibaha iko karibu nyuzi 7 kusini mwa Ikweta, hivyo jua kali huja kutoka mashariki asubuhi na magharibi jioni. Kuta ndefu zenye madirisha zikitazama kaskazini na kusini, fundi hufanya kazi bila jua kumpiga usoni. Kama njia ya gari haitaki mpango huo, njia ndiyo ishinde: gari linalohitaji kurudi nyuma mara nne ili liingie hulaumiwa zaidi kuliko jua.

Sasa jamvi, na hapa ndipo fundi ujenzi alipokosea. Nyumba ya kulala inaweza kuvumilia jamvi la inchi 4, yaani milimita 100, kwa sababu mzigo wake ni vitanda na makabati. Gereji ni habari nyingine. Gari la tani 2 likisimama kwa magurudumu yake manne halisumbui sana. Likiinuliwa kwa jeki, sehemu kubwa ya uzito huo hubanwa kwenye kipande cha sakafu kidogo kama kiganja, na jamvi jembamba lililomwagwa juu ya kifusi kisichoshindiliwa hupasuka hapo hapo. Kwa kazi ya magari, unene wa milimita 150 ndio wa kuanzia.

Hesabu ya saruji inaeleza ugomvi wote wa nyumba hii. Zege la uwiano wa 1:1½:3, yaani saruji moja, mchanga moja na nusu na kokoto tatu, hula takriban mifuko 8 ya kilo 50 kwa kila mita ya ujazo. Eneo lote la mita za mraba 108 kwa unene wa milimita 150 ni mita za ujazo 16.2, karibu mifuko 130. Eneo hilo hilo kwa milimita 100 ni mita za ujazo 10.8, karibu mifuko 86. Tofauti hiyo ndiyo anayookoa fundi ujenzi. Lakini mifuko 86 hiyo hiyo inatosha kumwaga jamvi la milimita 150 kwenye mita 8 kwa 9, yaani theluthi mbili ya karakana, nafasi ya magari mawili. Kwa saruji ileile mstaafu anaweza kupata sakafu dhaifu ya magari matatu au sakafu imara ya magari mawili. Sakafu dhaifu haiongezewi unene baadaye kwa bei ya kawaida, hubomolewa. Sakafu fupi huongezwa urefu wakati wowote.

Nyongeza hiyo ni rahisi kwa sababu jamvi kubwa halimwagwi kama shuka moja hata kama fedha zipo. Zege hunywea linapokauka, na lisipopewa mahali pa kupasukia hujichagulia lenyewe. Jamvi la milimita 150 hugawanywa vipande visivyozidi mita 4 hadi 5 kila upande, kwa kukata mifereji yenye kina cha robo ya unene. Karakana ya mita 12 kwa 9 ikigawanywa kwa mita 4 na mita 4.5 hutoa vipande sita vilivyo sawa, viwili kwa kila nafasi ya gari. Nafasi ya tatu ikiachwa, jamvi huishia penye mstari wa kiungo, na wa kuiendeleza hahitaji kubomoa kitu.

Chini ya zege kuna kazi isiyoonekana, na ndiyo inayoibiwa kwa urahisi zaidi. Udongo wa juu wenye mizizi huondolewa wote. Mawe na kifusi hupangwa kwa tabaka zisizozidi milimita 150, kila tabaka likimwagiwa maji kidogo na kushindiliwa kwa mashine. Kukanyagakanyaga na kupiga kwa gogo hakutoshi kwa eneo la namna hii. Dawa ya mchwa hupuliziwa, kisha nailoni ngumu ya geji 1000 hutandikwa, juu yake wavu wa BRC. Wavu huo uinuliwe kwa vipande vya zege vya kuegemezea. Ukilala chini kwenye nailoni hausaidii chochote, na siku ya kumwaga, kila kibarua aliyeshika toroli huukanyaga mpaka ulale. Mwenye nyumba asimame hapo.

Maji ya kuchanganyia yapimwe kwa ndoo. Kwa mfuko mmoja wa kilo 50, lita 25 ni nyingi vya kutosha, pamoja na unyevu ulioko kwenye mchanga. Vibarua hupenda zege la maji maji kwa sababu huteleza lenyewe, na kila lita ya ziada hupunguza nguvu. Baada ya kumwaga, jamvi hufunikwa na kumwagiwa maji kwa siku 7 angalau. Nguvu ya zege hupimwa katika siku ya 28, kwa hiyo gari lisipandishwe jeki kabla ya hapo. Upande wa magari upewe mteremko wa sentimita 1 kwa kila mita kuelekea mlangoni, na maji yake yapite kwanza kwenye kishimo cha kunasia mafuta kabla ya kwenda kuzama ardhini. Oili chafu ikiingia kwenye udongo wa uani hukaa humo miaka, na wengi wana kisima hapo hapo.

Kama shimo la kuingilia chini ya gari linatakiwa, lichimbwe kabla ya jamvi, upana wa karibu mita moja, kuta zake zikiwa za zege lenye nondo. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa na hutuama shimoni, ambako cheche moja inatosha kuua. Masika nayo hulijaza maji pale ambapo maji ya ardhini yako karibu. Mtu aliyetumia maisha yake kwenye karakana kubwa hulitaka shimo kwa mazoea tu. Kwa magari mawili, jeki nzuri na vyuma imara vya kuegemezea vinatosha, na safu hii ingeliacha.

Baada ya jamvi zinakuja nguzo na paa. Kuta hungoja. Ushauri wa kuanza na kuta humfurahisha mpita njia, lakini ukuta wa tofali za inchi 6 wenye urefu wa mita 4 kwenda juu, usio na nguzo wala lenta, haufai kubeba paa pana. Karakana hubebwa na nguzo za zege au za chuma, moja kila mita 4, kila moja ikiwa na msingi wake uliochimbwa kabla ya jamvi. Juu ya nguzo hukaa kenchi za chuma, ambazo mstaafu huyu anaweza kuzichomelea mwenyewe kwa michoro ya mhandisi, na hiyo si akiba ndogo. Paa likiwa juu, kazi inaweza kuanza kivulini huku tofali zikinunuliwa kidogo kidogo. Tahadhari ni moja: banda lisilo na kuta hupitisha upepo chini ya paa, na upepo huo husukuma bati kwenda juu. Kenchi zifungwe kwa bolti kwenye nguzo, nazo nguzo ziwe na vyuma vya mshazari. Bati ziwe geji 28, ambazo ni nene kuliko geji 30, zikichanganywa na bati chache za plastiki zinazopitisha nuru.

Urefu wa kwenda juu uamuliwe sasa. Land Cruiser ina karibu mita 1.9, ikiinuliwa kwa mita 1.8 ili fundi asimame chini yake, inafika mita 3.7. Asiyetarajia kununua mashine ya kuinulia anaweza kuridhika na mita 3, ila paa hupandishwa mara moja tu.

Umeme hautaki maelezo marefu, bali mtu mwenye leseni ya EWURA. Mabomba ya nyaya yapitishwe kabla ya kumwaga jamvi. Mashine ya kuchomelea ya kisasa na kompresa ndogo hufanya kazi kwa njia moja ya TANESCO. Mashine kubwa zenye mota za njia tatu huhitaji maombi mengine. Karakana iwe na kisanduku chake cha swichi, waya wake wa ardhini, na kifaa kinachokata umeme unapovuja. Isiungwe kwenye soketi ya jikoni. Vizimamoto vya unga mkavu viwekwe karibu na mlango, maana maji hayazimi petroli, na namba ya Zimamoto, 114, iandikwe ukutani. Kompresa ikae upande ulio mbali na dirisha la jirani. Jirani ambaye ameshaanza kunung'unika, kama barua inavyosema, afuatwe kwa mazungumzo kabla ya tofali la kwanza, na aambiwe saa za kazi.

Linabaki swali la pili. Mke wa mstaafu hajapinga karakana. Amepinga mafao yote kumalizikia humo, na hesabu ya saruji inamuunga mkono. Karakana ya nafasi mbili hupunguza jamvi na bati kwa karibu theluthi moja, nguzo na kenchi kwa pungufu kidogo ya hapo, na kiasi hicho kinaweza kuanza msingi wa chumba kimoja cha kupangisha. Kodi ya chumba huja hata mwezi ambao hakuna gari lililoharibika. Nafasi ya tatu ijengwe siku magari yatakapopanga foleni nje ya geti, na fedha yake itoke kwenye magari hayo.

Wazo la mkopo liachwe. Kwa Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 59, mwanandoa hawezi kuuza wala kuweka rehani nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzake, na Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 nayo inadai ridhaa hiyo katika rehani. Benki itamwita mke hata kama mume hakumwambia. Ni heri alisikie mezani kwake, akiwa na karatasi ya makisio mbele yake, kuliko kwenye kiti cha ofisa mikopo.

Muda wa mazungumzo hayo upo. Mvua za masika hunyesha kati ya Machi na Mei, na miezi hiyo inatosha kufuatilia kibali, kumpata mhandisi na kukubaliana na mama mwenye nyumba. Kuchimba kuanze Juni, udongo ukishakauka.