Kuharisha Damu Kusikokoma: Kabla ya Kupanda Basi la Mwanza

Kasulu na Kibondo, anayeharisha damu mara nyingi huanzia duka la dawa muhimu. Hupewa Flagyl, akapata nafuu siku chache, kisha hali ikarudi ile ile. Ikipita wiki nne, au ukiona unakonda na tumbo linakuamsha usiku, acha vidonge vya kubahatisha. Nenda hospitali ya wilaya upimwe choo, damu, VVU na kifua kikuu. Amiba, bakteria wa kuhara damu na kichocho cha tumbo, ambacho ni mwenyeji wa mwambao wa Ziwa Tanganyika, vichunguzwe kwanza. Tiba ya hivi vyote ni ya muda mfupi.

Visipopatikana, daktari atafikiria uvimbe sugu wa matumbo: ugonjwa wa Crohn au kolaitisi ya vidonda. Hapo rufaa huweza kukufikisha hospitali ya Bugando, Mwanza, kwa kipimo cha kamera.

Siku moja kabla ya kipimo utakunywa dawa ya kusafisha tumbo, na inasafisha kweli. Usithubutu kuinywa Kibondo halafu upande basi la kupitia Nyakanazi! Tangulia Mwanza, lala penye choo cha karibu, na uwe na ndugu, kwa sababu sindano ya usingizi huacha ulevi. Daktari atanyofoa vinyama vidogo vya kupelekwa maabara. Huumii: ngozi ya ndani ya utumbo haisikii kunyofolewa.

Vinyama hivyo ndivyo vyenye kazi kubwa, kwani kwa macho TB ya utumbo hufanana mno na Crohn. Anayepewa dawa ya prednisolone kwa Crohn, kumbe ana TB, huichochea TB isambae.

Erlangen, Ujerumani, watafiti wamekwenda mbali zaidi: wanatumia kamera kubashiri dawa ya Crohn itamfaa nani. Katika utafiti uliochapishwa 2014, Raja Atreya na wenzake walitia adalimumab, dawa ya sindano ya Crohn, rangi inayong'aa, wakainyunyiza ndani ya utumbo wa wagonjwa 25 wa Crohn, wakatazama kwa kamera yenye hadubini. Wenye seli nyingi zilizong'aa, asilimia 92 walipata nafuu kwa dawa hiyo hiyo kufikia wiki ya 12. Wenye chache, asilimia 15 tu. Ni ufundi wa kutamanika, ila bado ni wa watafiti, na usiuze ng'ombe kuufuata. Adalimumab yenyewe huweza kuamsha TB iliyolala. Ukiandikiwa, muulize daktari kabla ya sindano ya kwanza: TB nimepimwa, na majibu yako wapi?