Somo: Vijana na Mboga za Majani

Ninyi wazazi, mkimpa kijana wenu lengalenga, husema nini? Husema, "Hicho ni chakula cha wagonjwa," kisha huenda kununua mandazi njiani. Lakini hapa Bukavu mboga si haba. Mama wa Kabare huzileta mgongoni mpaka soko la Kadutu.

Mimi kwanza nilifundisha kwa maneno na picha. Vijana walisinzia. Ndipo nikawapa kisu na sufuria, wavulana pamoja na wasichana. (Wazee wengine walinuna kwa ajili ya wavulana, halafu wakazoea.) Kijana aliyepika mwenyewe hakosi kuonja. Danieli na wenzake nao walikuwa vijana, na mboga waliziomba wenyewe.

Basi fanyeni hivi. Mpelekeni sokoni, achague majani yasiyonyauka. Anawe mikono kwa sabuni, aoshe mboga kabla ya kuzikata, siyo baadaye, maana vitamini nyingine huondoka na maji. Kumbukeni kolera ya kando ya ziwa: kitu kitakacholiwa kibichi kioshwe kwa maji yaliyochemshwa. Lengalenga ipikwe upesi, kwa maji machache na mawese kidogo, kwa kuwa mafuta husaidia mwili kupokea vitamini A inayolinda macho.

Sombe si hivyo. Majani ya muhogo yana sumu. Yatwangwe sana, yachemshwe muda mrefu, sufuria bila kifuniko, ili sumu itoke pamoja na mvuke. Kijana mwenye haraka asiachiwe sombe peke yake.

Msichana aliyevunja ungo hupoteza damu kila mwezi. Majani na maharagwe yana madini ya chuma, yanayojenga damu. Akila pamoja na marakuja au ndimu, mwili hupokea chuma zaidi. Akinywa chai wakati wa kula, hupokea kidogo. Tena bugali wa muhogo hushibisha tu, haujengi mwili. Kule Lwiro, katika miaka ya 1960, waganga walichunguza sana kwashiorkor ya watoto wa Kivu. Kwa hiyo karibu na mboga wekeni maharagwe au sambaza.

Siku ya nne ya somo letu kijana mmoja aliomba lengalenga iliyobaki, ampelekee mdogo wake. Nilimpa. Bakuli langu halijarudi mpaka leo.