Ugonjwa wa sukari na kazi ya mashini



Mtu akiambiwa na mganga kwamba ana ugonjwa wa sukari, mara nyingi swali lake la kwanza si juu ya dawa. Anauliza: «Kazi yangu itaisha?» Kwa sababu ya woga huo wengine wananyamaza. Sindano inafichwa nyumbani, na asubuhi mtu anapanda juu ya mashini kama hakuna neno. Leo tujifunze jambo hilo kwa mfano wa reli moja ya mbali, iliyozaliwa na machimbo kama kazi yetu.

Huko Wales, katika Uingereza, kuna reli ndogo inayoitwa Talyllyn. Ilijengwa katika miaka ya 1860 ili kuchukua mawe ya kuezekea nyumba kutoka machimboni. Machimbo yalifungwa mwaka 1946. Mwaka 1951 watu wa kujitolea waliichukua reli hiyo ili isife, nayo ikawa ya kwanza duniani kuokolewa hivyo. Baadaye reli nyingine nyingi za zamani zilifuata njia hiyo. Mwalimu, karani, mzee wa pansheni: siku ya mapumziko wanavaa ovaroli na kutumika bila mshahara.

Je, mtu wa kujitolea anasamehewa uchunguzi wa mganga? Hapana. Sheria ya Uingereza ya mwaka 2006 juu ya usalama wa reli inadai kwamba kila anayefanya kazi inayoshika maisha ya watu awe na ujuzi na afya ya kutosha. Anayelipwa na asiyelipwa ni sawasawa. Gari la moshi halijui nani amepokea mshahara.

Sasa sikia vizuri mganga anatafuta nini. Haulizi tu: «Una ugonjwa gani?» Anauliza: «Je, akili yako inaweza kukuacha ghafula, wakati maisha ya wengine yamo mikononi mwako?» Anayejidunga insulini, au anayemeza vidonge vya namna fulani, sukari ya damu yake inaweza kushuka mno. Hapo jasho linatoka, mikono inatetemeka, njaa inamshika, maneno yanachanganyika. Wenzake wanadhani amelewa. Mwisho anaweza kuzimia. Mwenye kufuata chakula tu, bila dawa, hatari hiyo kwake ni ndogo sana. Ndiyo maana kila mtu anachunguzwa peke yake, na kila kazi inapimwa peke yake. Kuendesha mashini au kutoa ishara njiani si sawa na kuuza tiketi au kupaka mabehewa rangi.

Kwa shofere wa barabarani wanaojidunga insulini, Uingereza imeandika hesabu wazi. Shofere apime damu yake si zaidi ya saa mbili kabla ya kuondoka, tena kila saa mbili akiwa njiani. Akikuta chini ya 4 kwa kipimo chao, yaani karibu miligramu 70 kwa desilita, asiendeshe. Ale sukari, halafu angoje dakika 45 baada ya damu kurudi sawa, kwa kuwa akili inachelewa kupona. Zamani wenye insulini walikatazwa malori makubwa. Tangu mwaka 2011 wanaweza kupewa ruhusa, lakini kwa masharti makali: kupima, kuandika hesabu zote, na kuchunguzwa kila mwaka.

Unaona? Mlango ulifunguliwa kwa wale wanaoonyesha hesabu zao. Anayeficha hana la kuonyesha.

Na sisi tufanye nini?

1. Mwambie mganga wa kazi ukweli wote: ugonjwa, dawa, na kama umewahi kuzimia. Ukibadilishwa zamu, hasa ya usiku, mwulize saa za dawa na za chakula.

2. Usijidunge insulini ya chakula kisha ukaacha kula. Mama, bukari ya mapema na kifurushi cha kazini ni sehemu ya dawa ya bwana wako.

3. Weka sukari mfukoni kila siku, na umwonyeshe mwenzako mmoja ilipo.

4. Ukisikia dalili, simamisha mashini kwanza. Kunywa maji yenye vijiko vidogo 4 vya sukari. Ngoja dakika 15, upime tena. Kama bado, rudia. Kisha kula chakula. Mwambie kapita.

5. Mwenzako akizimia, usimtie kitu kinywani. Mlaze kwa ubavu, upige mbio kuita msaada.

Hatuwezi kukuahidi kwamba kila mtu atabaki pahali pake. Pengine mganga atasema: shuka kwenye mashini, nenda karakana. Neno hilo linauma, tunajua. Lakini aliyehamishwa anarudi jioni kwa watoto wake, na watu wa nyuma yake kwenye mabehewa wanarudi pia.

Ugonjwa wa sukari si aibu. Kuuficha ndiko hatari.