Somo: Mtoto Mgonjwa na Damu ya Wazazi Wawili

Kila sifa njema ni ya Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake na sahaba zake. Ama baada ya hayo:

Somo letu la leo limetokana na suala lililotufikia kutoka Nyamira, katika nyanda za juu za Kisii. Mwenye kuuliza ni ndugu yetu mmoja, mzaliwa wa pwani, aliyehamia huko kwa biashara akaoa binti wa huko aliyesilimu. Mwenyezi Mungu amewaruzuku mtoto wa kiume, naye sasa ana miaka miwili. Tangu alipotimiza miezi saba mtoto huyu akawa halali usiku kwa kilio, mikono na miguu imefura, macho yameingia umanjano. Damu yake ilipopimwa hospitali, ilionekana ana selimundu, ugonjwa ambao wengi huuita siko seli. Kisha wakapimwa wazazi, na kila mmoja akakutwa achukua asili ya ugonjwa huo, ingawa mwenyewe ni mzima.

Khabari ilipofika pwani, mavyaa wa yule mama alisema kuwa katika ukoo wao hapana ugonjwa huu, na kwamba mke ndiye aliyeuleta. Akapeleka hirizi ili mtoto avikwe, na akamshauri mwanawe atoe talaka. Basi ndugu yetu auliza: Je, yafaa amwache mkewe kwa sababu hii? Je, yafaa amvike mtoto hirizi? Na je, kumpa mtoto dawa kila siku si upungufu wa kutawakali? Tena amekiri katika barua yake jambo la nne, ambalo hakutuuliza: kwamba hata leo hajamwambia mamake kuwa yeye naye amekutwa na asili hiyo.

Kwanza yatupasa tuujue ugonjwa wenyewe, kwani kuhukumu jambo kabla ya kulijua ni dhulma. Chembe nyekundu za damu ya mtu mzima ni za mviringo na laini, hupita katika mishipa myembamba bila taabu. Za mgonjwa hukakamaa zikapinda mfano wa mundu, zikakwama na kuziba njia. Hapo ndipo yatokapo maumivu. Tena hufa upesi, na kwa hivyo mtoto hupungukiwa na damu. Tabibu James Herrick wa Chicago aliandika khabari za chembe hizi mwaka 1910, na mwaka 1949 Linus Pauling na wenziwe wakabainisha kuwa kasoro imo katika himoglobini, ile iipayo damu wekundu wake na kuchukua hewa mwilini.

Kasoro hii haiambukizi, wala haitokani na jicho la hasidi. Hurithiwa. Mtoto huugua ugonjwa huu wa mundu anaporithi asili yake kwa baba na kwa mama pia. Wazazi wawili wakiwa wote waichukua, basi katika kila mimba mna mafungu manne: fungu moja mtoto awe mgonjwa, mawili awe mchukuzi kama wazazi wake, na moja asalimike kabisa. Wala si zamu, kwamba akiugua mmoja watatu wafuatao watapona. Kila mimba ina hesabu yake.

Na sisi watu wa pwani tusikilize vizuri. Mwaka 1949 tabibu Anthony Allison, aliyekulia Kenya, alipima damu za makabila mengi ya nchi hii. Akaona asili hii ni nyingi pwani na kandokando ya Ziwa Viktoria, na ni chache katika nyanda za juu. Mwaka 1954 akaeleza sababu: mwenye kuichukua kutoka kwa mzazi mmoja tu hupata kinga fulani ya malaria, na malaria ni nyingi pwani na ziwani. Basi huyo anayesema "katika ukoo wetu hapana" huenda anamtupia mgeni kitu kilichojaa nyumbani kwake.

Sasa tuje kwenye sheria. Imesimuliwa na Bukhari na Muslim kuwa bedui mmoja alimwendea Mtume (s.a.w.) akimshuku mkewe, kwa kuwa amezaa mtoto mweusi. Mtume akamuuliza rangi za ngamia wake, naye akajibu kuwa ni wekundu. Akamuuliza kama yumo mwenye rangi ya kijivu, akasema yumo. Akamuuliza ameipata wapi rangi hiyo, bedui akajibu kuwa labda ni asili ya nyuma iliyomvuta. Mtume akamfahamisha kuwa na huyu mtoto wake huenda ni vivyo hivyo. Tazameni, ndugu zetu! Mtume aliifunga njia ya kumtuhumu mama kwa kitu kilichotoka katika asili iliyojificha. Na katika Sura ya Baqara Mwenyezi Mungu amekataza mama kudhuriwa kwa ajili ya mwanawe, na baba vivyo hivyo. Kumwacha huyu mke kwa kosa ambalo si kosa, na ambalo mume ni mshirika wake nusu kwa nusu, ni dhulma iliyo wazi.

Ama hirizi, Mtume (s.a.w.) amezikataza kwa ukali. Wazazi na wamsomee mtoto Fatiha na Muawidhatain, na wamwombee. Dua haina mrija wala kitambaa, wala haiuzwi.

Ama dawa, Mtume alituamrisha tujitibu, na alimwelekeza mwenye ngamia amfunge kisha atawakali. Basi kwa mtoto huyu kumfunga ngamia ni haya. Apewe penisilini mara mbili kila siku hadi atimize miaka mitano, na vidonge vya foliki, kama daktari alivyoandika. Apate chanjo zote. Alale ndani ya chandarua na apewe dawa ya kukinga malaria, kwani ile kinga ni ya mchukuzi, si ya mgonjwa. Mgonjwa malaria humwangamiza. Anyweshwe maji mengi. Na kwa kuwa Nyamira ni nchi ya baridi na mvua, avikwe nguo nzito, wala asiachwe na nguo mbichi, maana baridi huamsha maumivu. Akipata homa, akipauka ghafula, au tumbo likivimba upande wa kushoto penye bandama, apelekwe hospitali saa ile ile, ijapokuwa usiku. Akihitaji kutiwa damu, maulamaa wameruhusu kwa dharura. Na siku ya kumtahiri, daktari aambiwe mapema. Iko pia dawa ya haidroksiurea, iliyojaribiwa kwa watoto wa Kilifi na wa Uganda, Kongo na Angola. Matokeo yalitangazwa mwaka 2018: maumivu, malaria na vifo vilipungua. Hiyo hutolewa kwa usimamizi wa daktari.

Na mtoto akilia kwa maumivu, asiambiwe anadeka. Mtume (s.a.w.) alitokwa na machozi alipofiwa na mwanawe Ibrahim, akasema ni rehema.

Limebaki lile la nne, nalo ndilo zito. Ewe ndugu yetu, umenyamaza ukamwacha mkeo abebe peke yake mzigo wa watu wawili. Kumtii mama ni wajibu, lakini hapana utii katika dhulma. Funga safari ushuke pwani, ukae mbele ya mamako kwa adabu, umbusu mkono, umwambie: "Mama, nami ninayo, na huenda nimeirithi kwako au kwa marehemu baba." Hilo litamuuma leo, lakini litamwokoa na dhambi ya kumsingizia mtu. Kisha muombe radhi mkeo.

Nasi wengine tupate fundisho. Tuwapime damu vijana wetu kabla ya posa kufungwa. Saudia imelazimisha kipimo hiki kwa wanaotaka kuoana tangu mwaka 2004, wala haiwazuii kuoana. Wajua tu walipo. Kujua si kuikimbia kadari.

Mwenyezi Mungu amponye mtoto huyu, na aijaze nyumba yake upole. Amin.