Kasi Pekee Haitoshi: Tofauti ya Kompyuta ya Mezani na Seva

Mfanyabiashara anapolipia leseni kwa simu akiwa sokoni, na jirani yake akilipia kodi ya ardhi kwenye kaunta, wote wawili huenda wakahudumiwa na mashine moja wasiyoiona: seva. Wengi hudhani seva ni kompyuta ya kawaida yenye kasi zaidi. Sivyo. Kwa kazi moja, kompyuta nzuri ya mezani inaweza hata kuishinda. Tofauti kubwa ziko kwingine.

Watumiaji: Kompyuta ya mezani imeundwa kumhudumia mtu mmoja. Seva hupokea maombi ya mamia ya watu kwa pamoja, na programu zake huyapanga ili makarani wawili wasifutiane kazi katika rekodi moja.

Hitilafu: Seva nyingi zina diski zinazolindana na vifaa viwili vya kuingiza umeme. Diski moja ikiharibika, fundi huibadilisha huduma ikiendelea. Kumbukumbu yake pia hurekebisha makosa madogo ya data yenyewe, yasije yakageuza tarakimu katika akaunti yako.

Kusafirisha data: Kompyuta kuu za System/360, zilizotangazwa na IBM mwaka 1964, zilikuwa na njia maalumu za kupeleka data kwenye diski na printa huku prosesa ikiendelea na hesabu. Mpango huo ungali unatumika katika kompyuta kuu za benki.

Uwajibikaji: Kila mtumiaji hupewa nywila na mipaka yake, na mfumo huweza kuandika nani alibadilisha rekodi gani, saa ngapi. Hilo ni muhimu kwa kuwa Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inataka anayehifadhi taarifa za watu azilinde.

Je, chama, shule au zahanati yenu inapanga kununua kompyuta? Kabla ya kuuliza kasi, ulizeni haya:

1. Watu wangapi wataitumia kwa wakati mmoja?
2. Diski ikiharibika leo, kazi itasimama kwa muda gani?
3. Nakala ya rekodi imehifadhiwa wapi?

Duka lenye karani mmoja halihitaji seva. Lakini nakala iliyowekwa mahali pengine inahitajika kwa wote. Hata seva ya bei ghali haiwezi kurudisha rekodi zilizoteketea kwa moto au kuibwa pamoja nayo.