Kuthibitisha Utambulisho ili Kuchukua Akiba ya Utotoni: Mwongozo kwa Vijana wa Hockley

Mwongozo huu ni wa kijana wa Hockley, Birmingham, aliyezaliwa kati ya tarehe 1 Septemba 2002 na 2 Januari 2011, aliyefikisha miaka 18, na ambaye mzazi wake alilipwa posho ya mtoto. Kwa watoto hao serikali ya Uingereza ilitoa vocha ya pauni 250, au pauni 500 kwa jumla kwa familia ya kipato kidogo, iwekwe katika akaunti iitwayo Child Trust Fund. Kuanzia Agosti 2010 viwango vilishushwa hadi pauni 50 na 100. Mzazi asipoifungua ndani ya mwaka mmoja, mamlaka ya mapato, HMRC, iliifungua yenyewe. Kwa hiyo nyumba nzima inaweza isijue kwamba fedha zipo. Mwaka 2024 HMRC ilitangaza kwamba vijana zaidi ya 670,000 walikuwa hawajachukua fedha zao, wastani wa pauni 2,212 kwa kila mmoja.

Usijiondoe kwa sababu hukuzaliwa Uingereza. Aliyezaliwa Mombasa au Bukavu mwaka 2004 akaletwa Birmingham mdogo anaweza kuwa na akaunti hii, mradi familia ilikuwa na ruhusa ya kupokea posho na iliipokea kabla mpango haujafungwa mwanzoni mwa Januari 2011.

Maneno manne yatatumika kwa maana moja tu. Mfuko ni akaunti hiyo. Mtunzaji ni kampuni au benki inayoushika. Jina la Mfuko ni jina lililoandikwa kwenye akaunti. Jina la Sasa ni jina lililo kwenye kitambulisho unachotumia leo.

Hatua ya 1. Andika majina yako yote.
Chukua karatasi moja. Andika kila jina ulilowahi kuandikiwa: kwenye cheti cha kuzaliwa, kitabu cha kliniki, shule, pasipoti. Muulize mzazi aliandika nini kwenye fomu ya posho, kwa sababu Jina la Mfuko kwa kawaida lilitoka huko, si kwenye pasipoti. Andika pia anwani zote mlizoishi tangu wakati huo.
Ukaguzi: kila jina limenakiliwa herufi kwa herufi kutoka kwenye hati, si kutoka kichwani.

Hatua ya 2. Pata namba ya bima ya taifa.
Ina herufi mbili, tarakimu sita na herufi moja ya mwisho. Huletwa kwa barua kabla hujatimiza miaka 16. Barua ikipotea, itazame kwenye hati ya mshahara au kwenye programu ya simu ya HMRC.

Hatua ya 3. Omba HMRC ikutajie Mtunzaji.
Tumia fomu iliyoko gov.uk. Haina malipo. Wapo mawakala wanaotoza hadi pauni 350, au robo ya akiba, kwa kazi hiyohiyo. Usiwape hata senti. Jibu huja kwa barua ndani ya wiki tatu, basi andika anwani kamili. Hockley ina nyumba nyingi zilizokuwa karakana za masonara na sasa zimegawanywa. Ukiacha namba ya fleti, barua huishia mlango wa jirani.
Ukaguzi: HMRC ikisema haijaona kitu, rudia ombi kwa jina la pili kwenye karatasi ya Hatua ya 1 kabla ya kukata tamaa.

  

Hatua ya 4. Linganisha Jina la Mfuko na Jina la Sasa.
Usiharakishe hapa. Mpigie Mtunzaji na umwombe akueleze kwa maandishi hati anazokubali. Kisha weka majina mawili moja juu ya jingine.

Majina ya kwetu hupangwa kwa jina la mtoto, la baba, la babu. Mifumo ya Uingereza hulichukua la mwisho kuwa la ukoo. Hivyo msichana mmoja anaweza kuwa Fatma Salim kwenye Mfuko na Fatma Salim Mohamed kwenye pasipoti, na kompyuta ikaona watu wawili. Si kosa lake wala la wazazi wake, lakini ni yeye atakayetakiwa kuthibitisha.

(a) Majina yakilingana kabisa, nenda Hatua ya 5.
(b) Tofauti ikiwa ni tahajia au jina lililozidi, muulize Mtunzaji kama anakubali tamko la kisheria kwamba majina yote mawili ni ya mtu mmoja. Hutiwa saini mbele ya wakili. Ada ya kushuhudia ni pauni 5, na pauni 2 kwa kila kiambatisho. Uandishi wa tamko hutozwa kando, basi ulizia kwanza.
(c) Jina likiwa limebadilishwa, toa hati ya kulibadilisha au cheti cha ndoa cha serikali. Cheti cha nikah cha msikitini peke yake, kama ndoa haikusajiliwa kiserikali, hakitoshi.

Ukaguzi: kila jina limeunganishwa na linalofuata kwa hati. Pakiwa na pengo moja, simama hapa.

Hatua ya 5. Kusanya kitambulisho kimoja na uthibitisho mmoja wa makazi.
Kitambulisho: pasipoti ambayo haijaisha muda, ya nchi yoyote, au leseni ya udereva, hata ile ya mwanafunzi. Kadi ya ukaazi yenye mwisho wa 31 Desemba 2024 imekufa; hadhi yako sasa iko kwenye eVisa, na Mtunzaji lazima aulizwe kama anaipokea.
Makazi: barua ya benki au ya HMRC, isiyozidi miezi mitatu. Bili ya simu ya mkononi mara nyingi hukataliwa.
Raia wa Uingereza, na raia wa Kenya, Tanzania, Uganda au Rwanda mwenye ruhusa ya kukaa, ajiandikishe pia kupiga kura. Daftari la wapiga kura husaidia ukaguzi wa kompyuta.

Hatua ya 6. Thibitisha nakala.
Usitume pasipoti asilia isipokuwa umeagizwa kwa maandishi. Mpelekee wakili, mwalimu au ofisa wa benki hati asilia pamoja na nakala. Asiwe ndugu, mchumba wala mtu mnayeishi nyumba moja. Aandike kwa Kiingereza kwamba nakala ni sawa na asilia aliyoiona, atie saini, tarehe, jina, kazi, anwani na simu.
Ukaguzi: vitu hivyo vyote vipo kwenye kila nakala, si ya kwanza tu.

Hatua ya 7. Tuma maombi kwa posta yenye risiti ya kufuatilia.
Akaunti ya kupokelea fedha iwe kwa Jina la Sasa, si ya mjomba wala rafiki. Piga picha kila ukurasa kabla ya kufunga bahasha.

Hatua ya 8. Hakiki kiasi.
Linganisha fedha zilizoingia na taarifa ya mwisho ya Mtunzaji. Thamani ya Mfuko uliowekezwa kwenye hisa hupanda na kushuka hadi siku ya kuuzwa, lakini fedha hizo hazikatwi kodi. Tofauti usiyoielewa, idai kwa maandishi, ukitaja namba ya Mfuko na tarehe ya malipo.